Mjukuu ni Nafila



Mwezi huu tumekusudia kuandika jambo lililotukuta ndani ya nyumba yetu hapa Songea. Tungalipenda kulificha, kwani halitupi sifa njema, walakini tumeona ya kwamba yako majumba mengi ya Waislamu ambayo ndani yake jambo kama hili limo, na mwenye nalo hajui kuwa analo.

Sisi kazi yetu ni kusomesha watoto Qurani. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, basi, wala hatudai uanachuoni. Kwa muda wa miaka 30 na zaidi tumeketi juu ya jamvi, mbele yetu watoto na juzuu zao, na kando yetu bakora. Watoto waliopita mikononi mwetu wengine leo ni maimamu, wengine ni madereva, wengine wana watoto wao ambao nao wamewaleta kwetu. Watu wa mtaani hutuamkia kwa heshima. Lakini katika miaka yote hiyo hapana hata mtoto mmoja aliyepata kulala usingizi mapajani mwetu, wala wa watu wala wetu wenyewe, mpaka alipoletwa mjukuu.

Aliletwa akiwa na umri wa miaka 4, na basi la kutoka Dar es Salaam, amechoka, amekumbatia mfuko wake wa nguo. Baba yake ni mwana wetu wa kwanza. Yeye na mkewe wote ni watu wa kazi za kuajiriwa, nao walikosa mtu wa kukaa na mtoto mchana. Bibi yake alifurahi siku hiyo hiyo. Sisi, tuseme kweli, tulihesabu gharama kwanza.

Hapa tunaomba ruhusa tuwaambie vijana neno moja kabla hatujaendelea, kwani tunaliona kila siku. Si vibaya kumleta mtoto kwa babu na bibi yake; ni mila yetu tangu zamani, na wengi wetu tumelelewa hivyo. Ubaya ni kumtupa mtoto kijijini kisha mtu akakaa kimya mwaka mzima, hapana sabuni, hapana daftari, na bibi wa miaka 70 akashika jembe tena. Huko Unguja na Pemba Serikali ya Mapinduzi ilianza mwaka 2016 kuwapa wazee waliofika umri huo posho ya kila mwezi, nayo ilianza kwa shilingi 20,000. Ni jambo la kushukuriwa, lakini ile ni riziki ya mzee, haikukusudiwa iwe ada ya mjukuu. Nafaka ya mtoto iko juu ya baba yake. Mwana wetu hakuwa na kosa hilo, alileta kila mwezi, na tunamshuhudia kwa hilo.

Turudi kwenye habari yetu.

Mtoto huyu alianza kwa kutuvunjia heshima kama wajukuu wavunjavyo. Bibi yake akamwita mkewe. Sisi tukaitwa "mwenzangu". Akitukuta tunakula na bibi yake husimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza, "Mwenzangu, leo ni zamu ya nani?" Na sisi, ambao watoto wa chuo wakisikia kikohozi chetu tu hunyamaza, tukajikuta tunacheka mpaka machozi. Walioweka utani baina ya babu na mjukuu walikuwa na hekima yao, kwa kuwa mzee asiyetaniwa na mtu hukauka.

Mwezi wa Juni na Julai Songea kuna baridi kali, na ndiyo miezi ya mahindi kurudi nyumbani. Usiku tulikuwa tukiketi jikoni karibu na moto, tukipukuchua. Mtoto hana nguvu ya kupukuchua, basi tukampa kazi ya kuhesabu punje. Tukamwambia habari ya bibi Fatima, binti wa Mtume wetu (s.a.w.), jinsi mikono yake ilivyoumizwa na jiwe la kusagia nafaka, akaenda kwa baba yake kutaka mtumishi wa kumsaidia. Mtume (s.a.w.) akaja kwake na kwa mumewe Ali wakati wa kulala, akawafundisha kitu alichowaambia kuwa ni bora kwao kuliko mtumishi: wamtakase Mwenyezi Mungu mara 33, wamshukuru mara 33, na wamtukuze mara 34. Mtoto akauliza, "Jumla ngapi?" Tukamwambia 100. Akatenga punje 100 za mahindi, na tangu usiku huo hakulala bila ya kuzipitisha moja moja kutoka kikapu hiki hadi kile, akisema maneno yale kwa ulimi wake usiojua bado kutamka vizuri. Mara nyingine alisinzia akiwa na punje ya 60. Tukazimalizia sisi.

Na hapo ndipo tulipoanza kuona jambo tusilolitazamia. Sisi tulikuwa tukizisema tasbihi hizo kwa haraka, vidole vinakwenda, moyo uko kwenye deni la saruji. Ukizihesabu na mtoto huwezi kwenda haraka, kwa maana yeye husimama. Huuliza, "Hii tunashukuru nini?" Basi yakupasa kumtajia kitu. Kwa punje hii tunashukuru moto. Kwa hii, bibi. Kwa hii, kwamba mbuzi amepona. Punje 33 ni nyingi mno kwa mtu aliyezoea kunung'unika, nasi tulitafuta neema za kutosha kuzijaza, tukaziona zipo, na zinabaki.

Usiku mmoja wa Julai upepo ulikuwa mkali, mabati yanalia, na mtoto aliamka kwa hofu. Akauliza, "Babu, wewe ukilala, na bibi akilala, na mbwa akilala, nani anabaki macho?" Tukamwambia kuwa Mwenyezi Mungu halali. Akauliza, "Hata kusinzia?" Tukamwambia hata kusinzia. Akavuta pumzi ndefu, akajifunika, akalala palepale.

Sisi hatukulala. Ayatul Kursiyyu tumeihifadhi tukiwa wadogo. Tumeisoma kwa zaidi ya miaka 40, kila baada ya sala na kila tukitaka kulala. Tumewasomesha mamia ya watoto, tumewasahihisha irabu zake, tumewachapa waliokosea. Na maana yake tunaijua, kwamba Yeye hashikwi na usingizi mdogo wala mkubwa. Lakini hatukumbuki usiku hata mmoja ambao tuliisoma aya ile kisha tukavuta pumzi ndefu kama alivyovuta mtoto yule, tukalala kwa sababu tumejua kuwa kuna aliye macho. Hifadhi tulikuwa nayo sisi, na amani alikuwa nayo yeye. Tuliona haya pale gizani, peke yetu.

Wanachuoni wametaja kwamba katika Suratul Anbiyaa, aya ya 72, Mwenyezi Mungu anapotaja kumpa Nabii Ibrahim mwana wake Is-haka na mjukuu wake Yaakub, neno lililotumika ni nafila, na wengi wao wamesema kuwa neno hilo ni juu ya Yaakub. Yaani Nabii Ibrahim aliomba mwana, akapewa, na juu ya alichoomba akazidishiwa mjukuu. Neno hili sote tunalijua kwa sala zetu za sunna. Faradhi usipoisali utaulizwa; nafila ni ziada ambayo mja huingia kwa mapenzi. Na tumewaza ya kuwa pengine ndiyo sababu babu humpenda mjukuu kwa namna nyingine. Mwana ni kama faradhi, tunamlea kwa hofu ya kuulizwa, hofu ya watu, hofu ya umasikini, na hofu hiyo hutufanya wakali. Kwa mjukuu hofu imepungua. Lakini tusilifanye neno hili kuwa udhuru kwetu, maana Mtume (s.a.w.) hakuwa mkali kwa mwana wala kwa mjukuu.

Habari zake na wajukuu ni mashuhuri, nasi tulikuwa tukizisomesha. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa alisali huku amembeba Umama, binti wa bintiye Zainab; akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba. Nasai amepokea kuwa siku moja alirefusha sijida mpaka masahaba wakadhani kuna jambo limetukia au wahyi unateremka, na alipoulizwa akawajulisha kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka. Na al-Aqra bin Habis alipomwona akimbusu Hasan, akasema kuwa yeye ana watoto 10 na hajambusu hata mmoja, Mtume (s.a.w.) alimtazama na kumwonya kuwa asiyehurumia hahurumiwi.

Na tukumbuke kuwa yeye mwenyewe alilelewa na babu. Mama yake alifariki naye ana umri wa miaka 6, na babu yake Abdul Muttalib akamchukua mpaka naye akafariki, Mtume (s.a.w.) akiwa na miaka 8. Katika sira imepokewa kuwa Abdul Muttalib alikuwa akitandikiwa tandiko kivulini mwa Alkaaba, wanawe wakubwa wakaketi pembeni yake kwa heshima, hapana athubutuye kulikalia. Ila kijana huyu huja akakaa juu yake, na ami zake wakitaka kumwondoa babu huwakataza, akamketisha karibu naye na kumpapasa mgongo. Ilikuwa ni miaka 2 tu, na habari ya tandiko lile imefika mpaka kwetu.

Mwaka wa pili wa kukaa kwake tulimchukua mjukuu wetu kwenda Makumbusho ya Maji Maji hapa mjini. Kila mwenyeji wa Songea anajua tarehe 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 Wadachi waliwanyonga mashujaa wa Kingoni, zaidi ya 60, wakazikwa katika kaburi moja, na Nduna Songea Mbano akazikwa mbali nao. Tulimweleza habari hizo kwa kadiri ya umri wake. Alisimama mbele ya kaburi akauliza swali ambalo hatukupata kuulizwa na mtu mzima: "Watoto wao walikula kwa nani?"

Tukamwambia kuwa baada ya vita ilikuja njaa kubwa, kwa sababu mashamba na ghala vilichomwa moto, na watu wengi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Waliobaki ndio waliowachukua watoto, na baina ya waliobaki hatuna shaka kuwa wazee walikuwamo. Akauliza tena, "Na wewe ungenichukua?" Tukamwambia kuwa tumekwisha kumchukua. Akaridhika, akataka muwa.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo, akaketi na kizazi cha Nduna Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la babu yao lililochukuliwa Ulaya. Zaidi ya miaka 110 ilikuwa imepita. Waliomkabili rais yule kuuliza habari za mzee wao walikuwa ni wajukuu na vitukuu. Tulilifikiri sana jambo hili tukirudi nyumbani, mtoto amelala begani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na mojawapo ni mtoto mwema anayemwombea. Tukajiuliza ni nani atakayetuombea sisi, na jibu letu likasimama kwa mwana wetu, baba wa mtoto huyu, ambaye kwa miaka mingi hatujamwona akisujudu.

Hapa ndipo penye uzito, nasi tunaandika kwa shida.

Desemba iliyopita mwana wetu alikuja kumchukua mtoto, kwa kuwa Januari ilikuwa aanze darasa la kwanza huko Dar es Salaam. Jioni ya siku ya pili mvua ilinyesha kwa nguvu, tukasali Magharibi nyumbani. Mwana wetu aliketi kwenye kiti, akasema hana udhu. Tulizoea udhuru huo. Tulipokwenda sijida ya rakaa ya pili, mjukuu, kama desturi yake, akapanda mgongoni, akashika kanzu yetu kama hatamu. Tukaitua sijida muda mrefu, mpaka alipotosheka akateremka. Bibi yake nyuma yetu alikuwa amezoea.

Tulipotoa salamu, mwana wetu alikuwa amesimama. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi nilipanda mgongo huo huo. Ulikata sala ukanichapa kwa bakora mpaka bibi akatoka chumbani kunitoa mikononi mwako."

Bibi aliyemtaja ni mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na jambo hilo sisi tulikuwa tumelisahau kabisa. Yeye hakulisahau kwa miaka 26. Alikuwa na umri wa miaka 5. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tuwaamrishe watoto sala wafikapo miaka 7, na nidhamu juu ya sala ni baada ya miaka 10, sisi tulimpiga mtoto ambaye sheria haijamwambia hata neno moja, tukamfukuza kutoka mahali ambapo Hasan na Husein walikaribishwa. Tena tulikata sala kwa ajili hiyo. Na hadithi ya sijida tulikuwa tukiijua. Tulikuwa tukiisomesha watoto wa watu, na bakora iko pembeni.

Pako msomaji atakayesema kuwa sisi tumelegea kwa uzee. Huenda. Yako pia malezi mabovu ya mababu, nasi hatuyatetei: babu ampaye mjukuu pipi mpaka meno yanaoza, bibi amfichaye akiiba, mzee amwachiaye simu mpaka usiku wa manane ili apate utulivu. Hiyo siyo rehema, ni uvivu. Mjukuu wetu alikanywa alipokosa, na juzuu yake alisoma kila asubuhi, na makosa yake yalisahihishwa. Ila hakupigwa, na ametoka na sura 11 za mwisho, nazo anazisoma kwa kuzipenda. Chuoni kwetu bakora tumeiondoa. Wazazi wawili walikuja kulalamika kuwa watoto hawatakuwa na adabu. Tuliwaambia waturudie baada ya mwaka.

Na tafadhali mtoto akija msikitini, hakikisheni ametwahirika mwili na nguo, kisha mwacheni. Tumewahi kuona mzee akimburuta mtoto kwa sikio kutoka safu ya mbele mpaka nje kwenye viatu, mbele ya baba yake, na baba hakusema kitu. Mtoto yule sasa ni kijana, nasi humwona Ijumaa akipita na pikipiki yake wakati wa hotuba.

Usiku ule wa mvua tulimwita mwana wetu uani, chini ya bati, tukamwambia kuwa tulimdhulumu, na tukamwomba msamaha. Hatukumtajia sala wala wajibu wowote, kwani mwenye kuomba msamaha hana haki ya kuchanganya mawaidha ndani yake. Hilo tulijizuia kwa nguvu, maana ulimi wa mwalimu hauzoei kunyamaza. Akatazama mvua kwa muda. Kisha akasema, "Yamepita, Baba." Akauliza kama tunahitaji dawa ya presha aituletee.

Alfajiri tulisikia maji yakimwagika uani. Bibi alikuwa amelala kwa homa, na mtoto yuko ubavuni mwetu. Hatukutoka kutazama.

Siku ya safari mtoto aliwakatalia kuzichukua punje zake katika mfuko wa plastiki, akataka kikapu kile kile, basi bibi yake akampa. Akasema lazima zihesabiwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa njiani zitapotea na hatujui zilikuwa ngapi. Tukaketi jikoni sote wanne, yeye anahesabu kwa sauti na baba yake anapokea, na zilipokwisha zikawa 99. Basi liko karibu kuondoka, na sisi sote tumeinama chini ya kitanda na taa ya simu, tukiitafuta ile moja.